Mchungwa uliobebeshwa kwenye mlimau hauzai malimau

Wapo wakulima wanaoamini kuwa mchungwa uliobebeshwa, yaani uliounganishwa, juu ya shina la mlimau mwishowe huzaa matunda makali, kwa kuwa mizizi hupandisha ladha yake. Imani hii haikutoka hewani: ipo michungwa iliyowahi kuanza kutoa malimau. Ila kilichozaa pale si mchungwa.

Tunda hufuata jicho lililobebeshwa, yaani chipukizi dogo la mchungwa lililopachikwa kwenye shina la mlimau. Shina la chini huathiri nguvu ya mti, ustahimilivu wa ukame, hata utamu kwa kiasi, lakini haligeuzi chungwa kuwa limau. Jicho likifa, au machipukizi ya chini ya kovu (pale jicho lilipopachikwa) yasipokatwa, mlimau hukua na kuumeza mchungwa. Lifuate tawi lenye malimau hadi linapoanzia. Utalikuta chini ya kovu. Fikicha jani lake unuse: ni limau.

Jicho lenyewe hufa kwa sababu za kawaida, hivyo bebesha kwa uangalifu. Shina liwe nene kama penseli, na gome libanduke kwa urahisi. Wakati wa kiangazi gome huganda, na kulilazimisha ni kupoteza jicho. Chana herufi T, sentimita 20 hadi 30 kutoka ardhini, ingiza jicho kabla halijakauka, funga kwa utepe wa nailoni kuanzia chini ili maji yasiingie.

Fungua baada ya wiki 3. Kijiti cha jani kilichoachwa kwenye jicho kikidondoka kwa kuguswa, jicho limeshika. Kikiwa kimekauka na kung'ang'ania, limekufa: bebesha tena upande wa pili wa shina.