Asilimia Inaposhuka na Kuni Zikazidi Kuwashwa

Matumizi ya kuni, mkaa, mabaki ya mazao, samadi na bayogesi (gesi itokanayo na samadi iliyooza) majumbani hupimwa mara nyingi kwa asilimia ya kaya zinazovitegemea, na kwa kipimo hicho dunia inasonga mbele. Hata hivyo, kusini mwa Jangwa la Sahara idadi ya watu imekuwa ikiongezeka haraka kuliko upatikanaji wa nishati safi ya kupikia, kiasi kwamba wanaopikia kuni na mkaa wamezidi kuwa wengi hata pale asilimia yao iliposhuka. Tena mijini mkaa huchukua nafasi ya kuni, jambo linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwani tanuri la kienyeji la kufukia kwa udongo huhitaji kilo 5 hadi 10 za kuni ili kupata kilo moja ya mkaa. Kaya iliyohamia mkaa huona moshi umepungua jikoni, ilhali miti inayokatwa kwa ajili yake huenda imeongezeka.

Nchini India, mpango wa Ujjwala ulioanza mwaka 2016 umezipatia kaya zaidi ya milioni 100 huduma ya gesi ya kupikia. Mafanikio hayo ni makubwa, lakini kaya nyingi za vijijini bado huwasha kuni, hasa mtungi unapoisha kabla ya fedha ya kuujaza kupatikana. Dodoso linalouliza nishati kuu pekee haliwezi kuziona kuni hizo. Ni lazima kila nishati iulizwe na, inapowezekana, kuni zipimwe kwa mizani.

China ilijenga mitambo ya bayogesi ya kaya zaidi ya milioni 40, kisha mingi ikaachwa vijana walipohamia mijini na ufugaji wa nguruwe ulipohamia mashamba makubwa, kwa kuwa mtambo usiolishwa samadi hautoi gesi.

Finland, Sweden na Austria hutumia kuni na peleti za mbao (vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa) kupasha nyumba joto, si kupikia. Gesi ilipopanda bei mwaka 2022, mahitaji ya peleti yalipanda Ulaya pamoja na bei yake. Moshi nao haubagui nchi: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, vingi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na Umoja wa Ulaya wenyewe umeanza tangu 2022 kudhibiti moshi wa majiko mapya ya kuni ya kupasha nyumba joto.