Bima ya afya kwa wote: kuchangia kwa hiari au kwa lazima? Maswali na majibu

Nchi ikitaka kila mtu atibiwe bila kufilisika, swali la kwanza kuzuka ni hili: watu wachangie wakipenda, au sheria iwabane? Hapo ndipo neno uhuru linapoingia, na lina haki ya kuingia. Majibu haya yana upande. Tunaona kuchangia kunafaa kuwe lazima, kutibiwa kubaki hiari ya mtu, na serikali inayotoza mchango huo ibanwe kwa masharti makali kuliko inavyowabana wananchi.

Hiyo "lazima" inayobishaniwa ni ipi hasa?

Ugomvi mwingi hutokana na kuchanganya lazima tatu. Ya kwanza ni kulazimika kuchangia, kwa kodi au kwa ada ya bima. Ya pili ni kulazimika kujiunga na mfuko mmoja maalumu, hata kama una bima nyingine nzuri. Ya tatu ni kulazimika kutibiwa.

Hii ya tatu ni nzito kuliko zote, na haimo kabisa katika bima ya lazima. Mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kukataa upasuaji, kuongezewa damu au dawa, hata kama kukataa huko kutamuua. Daktari anatakiwa kumweleza ugonjwa, tiba, madhara yake na kitakachotokea asipotibiwa, kisha aheshimu jibu lake. Kukatwa mchango kila mwezi hakumpi mtu ruhusa ya kukuchoma sindano.

Magonjwa ya kuambukiza yana sheria zake, na hata huko kuna mipaka. Mwaka 1905 Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali jimbo la Massachusetts liwatake watu wachanje ndui wakati wa mlipuko. Aliyekataa alitozwa faini ya dola 5. Hakushikwa mkono na kuchanjwa kwa nguvu.

Kwa nini isiwe hiari tu, anayetaka bima ainunue?

Kwa sababu hesabu hukataa. Tuchukue watu 1,000 na fedha ya kubuni tuiite sarafu. Watu 100 wana maradhi sugu, kila mmoja hugharimu sarafu 5,000 kwa mwaka. Wale 900 ni wazima, kila mmoja hugharimu 200. Jumla ni 680,000, kwa hiyo wakichangia wote kila mmoja atatoa 680.

Sasa iwe hiari. Mtu mzima anaona mwaka jana alitumia 200, na hapa anadaiwa 680. Wazima 600 wanajitoa. Waliobaki ni 400, na gharama yao ni 560,000, kwa hiyo mchango unapanda hadi 1,400. Wazima wengine 250 wanaondoka. Wamebaki watu 150 wenye gharama ya 510,000, na kila mmoja anatakiwa kutoa 3,400. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyekosea. Kila aliyejitoa alifanya uamuzi wenye akili kwa upande wake, na uamuzi huo huo ukabomoa mfuko.

Hili limewahi kutokea. Mwaka 1993 jimbo la Washington, Marekani, lilipitisha sheria ya kuzitaka kampuni za bima zimpokee kila mwombaji awe mgonjwa au mzima, na pamoja nayo sharti la kila mkazi kuwa na bima. Mwaka 1995 bunge la jimbo likafuta sharti la wananchi, likaacha lile la kampuni. Watu wakawa wananunua bima wakiugua. Kufikia 1999, karibu jimbo zima, aliyetaka bima mpya ya mtu mmoja mmoja hakupata kampuni ya kumuuzia.

Mfuko wa hiari hauwezi kujilinda kwa njia nyingine?

Unaweza, ila kila kinga ina tundu lake.

Kinga ya kawaida ni kipindi cha kusubiri: unalipa leo, unaanza kutibiwa baada ya miezi kadhaa. Kikiwa cha mwezi mmoja, anayejua atapasuliwa ngiri mwezi ujao anasubiri tu. Kikiwa chini ya miezi tisa, mwanamke aliyekwisha kushika mimba anajiunga, anajifungua, kisha anaacha kulipa. Kikirefushwa hadi mwaka, aliyejiunga kwa nia njema akavunjika mguu mwezi wa pili anabaki nje pamoja na wajanja. Kila siku unayoongeza kumzuia mdanganyifu inamuumiza na mkweli.

Njia ya pili ni kusajili kaya nzima badala ya mtu mmoja. Hii inafaa zaidi, maana mgonjwa anaingia pamoja na wazima wa nyumbani kwake. Tatizo huanza kwenye tafsiri ya kaya. Ada ikiwa ni ya kila kichwa, familia humwandikisha bibi mwenye kisukari na mtoto mwenye pumu, na vijana "wanahamia" kaya nyingine kwenye karatasi. Ada ikiwa moja kwa kaya bila kujali idadi, kaya za watu wawili hukimbia na za watu tisa hubaki.

Njia ya tatu ni kumtoza mtu kulingana na afya yake, au kuacha nje ugonjwa alioingia nao. Mfuko utapona. Lakini aliyezaliwa na selimundu ataambiwa kila kitu kimelipiwa isipokuwa selimundu, na hapo sioni tena maana ya kusema "kwa wote".

Mimi ni kijana, sinywi, sivuti, siumwi. Kunilazimisha kulipa si kuninyima uhuru?

Ndiyo, ni kukupunguzia uhuru, na asiyekubali hilo hajibu swali lako. Umechukuliwa fedha ambayo ungeamua mwenyewe matumizi yake. Kinachobaki ni kupima kama sababu inatosha.

Sababu ya kwanza ni kudandia. Ukigongwa na gari usiku huu, utafikishwa hospitali ukiwa umezimia, na hakuna muuguzi atakayekupekua mifuko kwanza. Nchini Marekani, penye mjadala mkali kuliko mahali pengi, sheria ya 1986 inazitaka hospitali zenye vitengo vya dharura zimpime na kumtuliza kila anayefika katika hali ya hatari, awe na fedha au hana. Jamii ikishakataa kukuacha ufe mlangoni, gharama yako itabebwa na mtu. Anayesema "sitaki bima, nitabeba mzigo wangu" anasema kweli kwa homa na jino. Kwa kichwa kilichopasuka na wiki tatu za chumba cha wagonjwa mahututi, ni wachache mno wanaoweza.

Sababu ya pili ni wewe mwenyewe wa miaka thelathini ijayo. Bima haiuziki kwa haki kwa mtu ambaye tayari figo zake zimeshindwa. Mchango wa ujanani ndio unaouweka mlango wazi.

Hoja nzito ya wapenda uhuru ni nyingine, nayo inastahili kusikilizwa: basi tulazimisheni bima ya majanga makubwa tu, mengine tuachieni. Tunakubaliana nayo nusu. Kitita cha lazima, yaani orodha ya huduma ambazo bima hiyo inalipia, hakina haja ya kubeba miwani ya fahari wala chumba cha peke yako. Lakini ukiacha nje dawa za shinikizo la damu kwa sababu ni "gharama ndogo", wengine wataziacha ili kuokoa fedha, kisha baada ya miaka mfuko utalipia kiharusi. Dawa ya kila siku na kitanda cha mtu aliyepooza viko kwenye hesabu moja.

Marekani ilifuta adhabu ya kutokuwa na bima, na soko halikuanguka. Hiyo haithibitishi kwamba lazima haihitajiki?

Ni swali zuri, na wanaotetea lazima hupenda kulikwepa. Sheria ya 2010 ilimtaka karibu kila mtu awe na bima au alipe adhabu. Mwaka 2012 Mahakama Kuu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliruhusu adhabu hiyo ibaki kama kodi, huku ikisema mamlaka ya serikali kuu juu ya biashara hayaifikishi mahali pa kumwamuru mtu anunue bidhaa. Kisha sheria ya kodi ya 2017 ikaishusha adhabu hadi sifuri kuanzia 2019. Soko likabaki limesimama.

Lilisimama kwa sababu wanunuzi wengi walikuwa wakipewa ruzuku inayofuata kipato. Ada ikipanda, ruzuku nayo hupanda, na mnunuzi hauoni mpando. Kwa maneno mengine, wazima walivutwa kwa fedha badala ya kusukumwa kwa adhabu. Na fedha hiyo hutoka kwenye kodi, ambayo ni ya lazima. Lazima haikuondoka, ilihamia mfuko mwingine. Funzo la kweli hapo ni kwamba ruzuku nene inaweza kufanya kazi kubwa kuliko faini nyembamba.

Nchi zilizolazimisha zinaacha nafasi gani kwa mtu kuchagua?

Zinatofautiana sana. Ujerumani, iliyoanza na sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi mwaka 1883 (mfanyakazi alitoa theluthi mbili ya mchango, mwajiri theluthi moja), inawaruhusu wenye mshahara mkubwa kutoka kwenye mfumo wa umma na kukata bima binafsi. Uingereza, tangu Julai 1948, inalipia huduma hasa kwa kodi, na hakuna anayezuiwa kwenda kwa daktari binafsi kwa fedha zake.

Uswisi ndiyo yenye mafunzo mengi. Sheria yake ilianza kutumika 1996 baada ya kupigiwa kura na wananchi. Kila anayehamia ana miezi mitatu ya kujiunga, lakini anachagua kampuni mwenyewe, na kampuni haiwezi kumkataa wala kumpandishia ada ya kitita cha msingi kwa sababu ya ugonjwa. Aliyefikia umri wa utu uzima huchagua pia kiasi atakachobeba mwenyewe kila mwaka kabla bima haijaanza kulipa, kuanzia faranga 300 hadi 2,500. Akibeba zaidi, ada inashuka.

Uholanzi nayo imewakumbuka wanaokataa bima ya aina yoyote kwa sababu ya imani. Hawalazimishwi kuingia kwenye bima. Hulipa kiasi mbadala kupitia kodi, na fedha hiyo hutengwa kwa matibabu yao. Dhamiri imeheshimiwa, na mzigo haujatupiwa jirani.

Sheria ikisema ni lazima, basi watu wote wataingia?

Hapana, na hapa ndipo nchi nyingi hukwama. Mwenye ajira hukatwa mshahara kabla haujamfikia. Mkulima, mchuuzi na kibarua hawana karatasi ya mshahara, hivyo lazima yao inabaki kuwa hiari yenye vitisho. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2010 kuhusu kugharimia afya, lilieleza kwamba bima ya hiari peke yake haifikishi nchi kwenye huduma kwa wote, na kwamba wasio na uwezo lazima walipiwe na fedha za umma.

Makosa ya kiutendaji yanajulikana. Ada hudaiwa kila mwezi kwa mtu anayeshika fedha mara moja au mbili kwa mwaka, wakati wa mavuno. Akiruka miezi miwili, malimbikizo na faini hujikusanya mpaka deni la kurudi linazidi ada ya mwaka, naye hajitokezi tena. Kosa jingine ni kiwango kimoja kwa wote: kinachomgusa mwenye nacho kama punje humkata mwingine chakula cha wiki. La tatu ni msamaha wa maskini unaohitaji barua tatu na safari mbili, ambao maskini hasa ndiye hana nauli ya kuufuatia.

Thailand ilipitia njia hii. Ilikuwa na kadi ya afya ya hiari, na kadi hiyo ilivutia zaidi waliokwisha kuugua. Mwaka 2002 ikaachana na kuwafukuzia watu wa sekta isiyo rasmi michango, ikawalipia kwa kodi, na mgonjwa akachangia baht 30 kwa kila ziara. Kwa nchi yenye vibarua wengi, tunaona njia hiyo ni ya haki kuliko kugonga milango kudai ada.

Lazima hugeuka dhuluma wakati gani?

Inapochukua fedha bila kutoa huduma. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Kanada, katika kesi ya daktari Jacques Chaoulli, iliona kwamba jimbo la Quebec halingeweza kuzuia watu kukata bima binafsi kwa huduma zilizomo kwenye mfumo wa umma huku foleni za umma zikiwa ndefu kiasi cha kuhatarisha maisha. Ukimfungia mtu mlango mmoja, ule uliomwachia lazima ufunguke.

Inageuka dhuluma pia pale asiyelipa anaponyimwa mambo yasiyohusiana na afya, kama kitambulisho au nafasi ya mtoto shuleni, na pale faili la mgonjwa linapoweza kusomwa na mwajiri wake.

Nikiletewa muswada wa bima ya lazima, nisome wapi kwanza?

Anza na orodha ya mafao. Iwe imeandikwa kwa majina ya huduma, si "huduma za msingi" tu. Tazama kama mchango ni asilimia ya kipato au kiasi kimoja, na kama wenye mishahara minono wamewekewa kikomo. Tafuta nani atalipiwa, na nani ataamua kwamba hana uwezo. Kisha tafuta siku: hospitali italipwa ndani ya siku ngapi baada ya kuwasilisha madai? Mfuko ukichelewesha malipo, duka la dawa la hospitali huwa tupu, na mwenye kadi huandikiwa karatasi akanunue nje, akilipa mara ya pili kitu alichokwisha kukatwa. Mwisho soma kifungu cha rufaa: akinyimwa huduma Jumatatu, aende ofisi gani, ajibiwe lini, na nani atabeba gharama wakati anasubiri jibu. Kifungu hicho kisipokuwamo, peleka maoni kiongezwe kabla muswada haujapigiwa kura.