Samurai ni tabaka, ninja ni kazi

Mjadala wowote wa anime, yaani katuni za Kijapani, ukirefuka, lazima atokee mmoja aseme, "Lakini si samurai na ninja walikuwa maadui?" Mwenzake anadakia kwamba samurai alikuwa mtu wa heshima, anapigana mchana uso kwa uso, na ninja alikuwa mkulima aliyechoka kuonewa, ndiyo maana anavizia usiku akiwa kajifunika nguo nyeusi. Hapo watu wanagawana pande kama watani wa jadi, wanaanza kupimana nani angemmaliza nani. Nimelisikia hili mara nyingi mno, na kukaa kimya kumenishinda.

Maana zenyewe si za kutuchelewesha. Samurai ni mtu wa tabaka la wapiganaji wa Japani, aliyemtumikia bwana na kupewa posho au ardhi kwa utumishi huo. Ninja, ambaye zamani aliitwa zaidi shinobi, ni mtu aliyefanya kazi ya kupeleleza, kujipenyeza ndani ya ngome, kutia moto maghala na kumvuruga adui. Neno la kwanza linajibu swali "wewe ni mtu wa daraja gani?" na la pili linajibu "umetumwa kufanya nini?" Kwa hiyo kuuliza nani mkali kati ya samurai na ninja ni sawa na kuuliza nani mkali kati ya polisi na askari kanzu. Askari kanzu ni polisi huyo huyo, kavua sare tu.

Ukitaka kuliona jambo hili vizuri, nenda Iga, eneo la milima ambalo leo liko ndani ya mkoa wa Mie. Karne ya 16 Iga haikuwa na bwana mkubwa wa kuitawala. Ilishikwa na familia nyingi ndogo za wapiganaji wenye mashamba, kila moja na boma lake la udongo, ambazo Wajapani huziita jizamurai, yaani samurai wa hapo hapo kijijini. Familia hizi ziliungana na kuandika kanuni za umoja wao. Moja ya kanuni hizo inasema kwamba mkulima wa kawaida atakayekwenda nje ya Iga na kuteka ngome ya adui atatuzwa na kufanywa samurai. Soma tena hapo. Katika nchi inayotajwa kuwa chimbuko la ninja, mtu aliyefanikiwa kuingia ngome ya watu alikuwa anapanda daraja na kuwa samurai. Uadui uko wapi?

Majirani zao wa Koka, upande wa mkoa wa Shiga wa leo, walikuwa na mpangilio unaofanana. Watu wa sehemu hizi mbili waliuza ujuzi wao kwa mabwana wa mbali, na sifa zao zilienea kwa sababu milima iliwafundisha kuvizia, na kukosa bwana kuliwapa uhuru wa kukodishwa. Mwaka 1579 Oda Nobukatsu, mtoto wa Oda Nobunaga, bwana wa vita mwenye nguvu sana enzi hizo, aliivamia Iga akafukuzwa kwa aibu. Mwaka 1581 baba yake akarudi na jeshi kubwa akaisambaratisha. Waliopigana siku hizo upande wa Iga walikuwa wapiganaji wadogo wa kijijini pamoja na wakulima wao, wanatetea mashamba. Upande wa pili napo palikuwa na wapelelezi, kwa sababu hakuna bwana wa enzi ile aliyekwenda vitani bila macho na masikio yake. Shinobi alipomuua mtu, mara nyingi alikuwa anamtumikia samurai mmoja dhidi ya samurai mwingine, na huenda yeye mwenyewe alikuwa samurai wa daraja la chini.

Halafu kuna Hattori Hanzo, ambaye jina lake limechakazwa na kila mtengeneza filamu na michezo ya kompyuta. Ukoo wake ulitoka Iga, ila yeye alikulia Mikawa, akiwa mtumishi wa Tokugawa Ieyasu, bwana wa Mikawa ambaye baadaye alikuwa shogun, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani. Alikuwa kamanda wa vita, na sifa yake kubwa ilikuwa mkuki, si kupotea kwenye moshi. Walimwita Hanzo Zimwi kwa namna alivyopigana. Mkuki unaosemekana kuwa wake umehifadhiwa hekaluni Sainen-ji, Tokyo, ambako ndiko lilipo kaburi lake. Mwaka 1582 Nobunaga alipouawa Kyoto, Ieyasu, aliyekuwa mshirika wake, alikuwa mjini Sakai na watu wachache tu, ikabidi akimbilie kwao kwa kupita milima ya Iga. Hanzo alisaidia kuwapata wenyeji wa kuwavusha. Baadaye watu wa Iga waliwekwa chini yake, na wakaajiriwa kulinda kasri la Edo, Tokyo ya leo. Kasri hilo leo ni makazi ya mfalme, na lango lake moja bado linaitwa Hanzomon, na njia moja ya treni za chini ya ardhi imechukua jina kutoka hapo. Kwa hiyo "ninja" maarufu kuliko wote alikuwa samurai mwenye cheo, aliyeongoza askari walioajiriwa.

Hata vitabu vya kazi yenyewe vinatoa ushahidi huo huo. Shoninki, mwongozo wa ushinobi wa mwaka 1681, uliandikwa na samurai wa himaya ya Kishu. Na mwongozo huo unapotaja mavazi, hauzungumzii kufunika uso kwa kitambaa cheusi. Unataja namna saba za kujigeuza: mtawa, mfanyabiashara, mwigizaji, mchezaji wa barabarani, na nyingine za aina hiyo, mojawapo ikiwa mtu wa kawaida kabisa. Ina mantiki. Jasusi anayetembea sokoni akiwa kavaa kama jasusi hafiki jioni.

Nguo nyeusi tumezipata kwenye michezo ya kuigiza na picha za kuchorwa. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba katika jukwaa la kabuki, maigizo ya jadi ya Kijapani, wapo wasaidizi waliovaa nyeusi tupu, wanahamisha vifaa huku watazamaji wamekubaliana kujifanya hawawaoni. Muuaji akitokea katikati ya hao, ukumbi mzima unashtuka. Kutoka jukwaani vazi likaingia vitabuni, likaingia sinema, na miaka ya 1980 filamu za Marekani za kina Sho Kosugi zikalisambaza dunia nzima kwa kanda za video. Huku Pwani picha hiyo ilishika hadi nikabu inayoacha macho tu watu wakaiita ninja. Hata neno "ninja" lenyewe, kama jina la kila siku, limetamba karne ya 20. Watu wa enzi za vita waliwaita shinobi, suppa, rappa na majina mengine kulingana na mahali.

Lawama kubwa ya kizazi chetu nadhani inakwenda kwa anime ya Naruto. Sina ugomvi nayo, ni kazi nzuri. Lakini humo ninja wana vijiji vyao, koo zao na vitambaa vya chuma kwenye paji la uso, na samurai wamewekwa peke yao katika Nchi ya Chuma, kwenye theluji, kama taifa jingine kabisa. Mtu aliyekulia humo atakosaje kudhani ni makabila mawili? Ila huo ni ulimwengu wa kubuni, na shujaa wake anajificha akiwa amevaa rangi ya chungwa. Sidhani mtunzi wake, Kishimoto Masashi, alitaka tuisome kama kitabu cha historia.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba ukichanganya tabaka na kazi, unakosa utani. Anime za kuchekesha za samurai na ninja zimejengwa juu ya tofauti hii hasa.

Mfano wa ninja ni Nintama Rantaro, katuni ya watoto inayorushwa na NHK, shirika la utangazaji la Japani, tangu mwaka 1993. Ni hadithi ya shule ya ninja, na wahusika wakuu ni wanafunzi watatu wa mwaka wa kwanza wasioambulika kitu darasani. Angalia walikotoka. Rantaro ni mtoto wa ninja wa daraja la chini ambaye nyumbani analima. Kirimaru ni yatima wa vita, anafanya vibarua kujilipia ada, na akisikia sarafu imeanguka macho yanamtoka. Shinbei, yule mnene mwenye kamasi, ni mtoto wa mfanyabiashara tajiri wa Sakai. Mkulima, yatima na tajiri, dawati moja. Hilo linawezekana kwa sababu wamekuja kusomea kazi, kama watu wanavyokwenda chuo cha ufundi. Hakuna shule ya namna hiyo ungeweza kuingia ukatoka samurai kamili, labda bwana akuinue. Na utani wa kipindi unatoka kwenye maisha ya kazi: mtihani, ada, mwalimu aliyechoka, mzazi anayekaa mbali kikazi. Aliyetazama akisubiri "ninja dhidi ya samurai" ataona katuni haina mbele wala nyuma.

Samurai wanachekesha kwa njia tofauti, kwa sababu mtu hawezi kuacha tabaka kama anavyoacha kazi. Mpaka kati ya mpiganaji na mkulima ulikuwa legelege hadi mwisho wa karne ya 16. Toyotomi Hideyoshi, aliyeshika nchi baada ya Nobunaga na ambaye mwenyewe alitoka familia ya chini, ndiye aliyewanyang'anya wakulima silaha mwaka 1588, akafunga mlango alioingilia. Kisha ukoo wa Tokugawa ukatawala kuanzia 1603 hadi miaka ya 1860, na kwa sehemu kubwa ya muda huo hapakuwa na vita. Fikiria tabaka zima la wapiganaji wasio na wa kupigana naye. Wakawa makarani. Posho yao ilihesabiwa kwa koku ya mchele, na koku moja ni kama kilo 150, kipimo kilichochukuliwa kuwa kinamtosha mtu mmoja kwa mwaka. Wa daraja la chini posho haikutosha, wakawa wanatengeneza miavuli ya karatasi nyumbani ili wauze, lakini wakitoka nje ni panga mbili kiunoni na kifua mbele. Mwaka 1876 serikali mpya ya Meiji, iliyowarithi Tokugawa, ikapiga marufuku kubeba panga hadharani, na mwaka huo huo posho zikafutwa.

Ukilijua hilo, anime ya Gintama inafunguka. Watu wengi hudhani ni fujo tu za vichekesho, wageni kutoka angani na makelele. Lakini Sakata Gintoki ni samurai baada ya marufuku ya panga, ila waliopiga marufuku safari hii ni wageni hao. Anabeba upanga wa mbao alioununua kwa matangazo ya televisheni, anafanya kibarua chochote anachopata, na kodi ya nyumba hajalipa. Msaidizi wake Shinpachi ni mrithi wa shule ya upanga ambayo wanafunzi wameikimbia, na tunapomkuta mara ya kwanza ameajiriwa mgahawani, anafokewa kwa kushindwa mashine ya hesabu. Kazi ya upanga haipo tena, ila mtu bado ni samurai. Kicheko kimo humo. Na ninja wakitokea kwenye hadithi hiyo hiyo, wanatokea kama wafanyakazi: wapo waliokuwa wameajiriwa na shogun, sasa wanahangaika kivyao.

Siku hizi kuna wa tatu anayeingizwa kwenye mkanganyiko huu, naye ni maho shojo, msichana mwenye nguvu za maajabu. Nimeona watu wakimwita hivyo msichana yeyote anayerusha moto, hata akiwa ninja. Hapana. Maho shojo wa siku hizi, tofauti na Sally wa mwaka 1966 aliyekuwa binti wa mfalme wa nchi ya maajabu, kwa kawaida ni mtoto wa shule aliyeandikishwa. Hakuzaliwa hivyo ajuavyo yeye, na hakuomba kazi. Mnyama mdogo anayeongea anamtokea, anampa kifaa, anamwambia kuanzia leo unalinda dunia. Usagi wa Sailor Moon, mwenye miaka 14 na anayechelewa shule kila mara, anapewa pini ya mapambo ya kifuani na paka mweusi, na kwenye pambano la kwanza analia kwa sauti. Sakura wa Cardcaptor anafungua kitabu kwenye maktaba ya baba yake, kadi zinapeperuka, anaambiwa azikusanye mwenyewe. Mwaka 2011 anime ya Madoka Magica ikaita jambo hilo kwa jina lake, mkataba, na mhusika mkuu akakaa bila kuusaini hadi sehemu ya mwisho. Kwa hiyo wanaosema msichana asiyetaka kazi hiyo ni uvumbuzi wa juzi wamtazame Usagi upya.

Kutotaka kwao kunatofautiana pia. Samurai asiyetaka hana pa kurudishia usamurai wake. Ninja asiyetaka anatoroka, na hadithi za ninja mtoro zimejaa tele. Maho shojo asiyetaka anarudi kumuuliza yule mnyama, mbona hili hukuniambia?

Basi ukitaka kuzungumzia mtu wa kazi ile, sema shinobi, au sema tu mpelelezi, itaeleweka. Na rafiki yako akikuuliza kama Hanzo alikuwa ninja au samurai, usimcheke. Mwambie alikuwa samurai, kisha mweleze na wale watu wa Iga aliokuwa akiwaongoza walikuwa wanafanya kazi gani.