Mtoto Mahututi Hapangi Foleni

Mtoto anapofariki hospitalini, wengi wetu huamini kwamba ugonjwa ulikuwa mkubwa mno au dawa ilikosekana. Sababu hizo zipo kweli, lakini sisi tunaowahudumia watoto hapa Moshi tunaijua sababu nyingine ambayo haiandikwi kwenye cheti chochote, nayo ni ile saa nzima ambayo mama aliketi kwenye benchi la mapokezi akisubiri kadi, mtoto akiwa mgongoni ndani ya kitenge, kimya kiasi kwamba waliokaa jirani walidhani amepitiwa na usingizi. Mtoto anayelia kwa sauti huvuta macho ya kila mtu. Aliyezidiwa kweli hana nguvu ya kulia.

Ili kuondoa hatari hiyo, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2005 mwongozo wa mafunzo unaoelekeza kwamba watoto wapangwe kwa uzito wa hali zao, si kwa zamu ya kufika. Mwenye dalili za dharura huhudumiwa papo hapo, anayehitaji kipaumbele husogezwa mbele, na aliyebaki husubiri. Uchunguzi huo hauhitaji mashine. Muuguzi anaangalia kama mtoto anapumua kwa shida au midomo yake imekuwa ya bluu, kama anaitika anapoitwa, kama ana degedege, na kama mikono yake ni ya baridi. Anapoibana kucha kidogo na kuiachia, rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 3. Ikichelewa, na mapigo yakawa dhaifu na ya kasi, damu haizunguki vizuri. Kwa mtoto anayeharisha, huongeza kutazama macho yaliyodidimia na ngozi ya tumbo ambayo ikivutwa hurudi polepole.

Hospitali ya Queen Elizabeth iliyoko Blantyre, Malawi, ilipopanga upya mapokezi ya watoto kwa njia hii na kuiweka huduma ya dharura mlangoni, vifo vya watoto waliolazwa, ambavyo awali vilikuwa kati ya asilimia 10 na 18, vilishuka hadi kati ya asilimia 6 na 8. Kwa maoni yangu, somo kubwa la Blantyre linawahusu mlinzi wa getini na karani wa kadi kuliko madaktari, kwa sababu hao ndio wanaomwona mtoto kwanza. Wakifundishwa dalili nne au tano na kupewa ruhusa ya kumpitisha mama moja kwa moja bila kuulizwa kitu, kazi kubwa imefanyika. Suala la malipo lisimzuie mtu hapo mlangoni, kwani Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawasamehe watoto walio chini ya miaka mitano gharama za matibabu katika vituo vya serikali.

Haraka peke yake, hata hivyo, haitoshi. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu apewe maji mengi ya mshipa kwa kasi. Utafiti uitwao FEAST, uliofanyika Uganda, Kenya na hapa Tanzania, ambako Muheza mkoani Tanga ilikuwa mojawapo ya vituo, uliwafuatilia watoto 3,141 wa aina hiyo, na matokeo yake yaliyochapishwa mwaka 2011 yaliwashtua wengi: katika saa 48 za kwanza, waliopewa maji kwa kasi walifariki kwa zaidi kidogo ya asilimia 10, ilhali wasiopewa walifariki kwa asilimia 7.3. Matokeo hayo hayamhusu mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuharisha, ambaye bado anayahitaji. Yanatuonya tu kwamba mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi na mashine za kupumulia hauwezi kuhamishiwa kituo cha afya cha kijijini bila kupimwa upya.

Tatizo lingine ni vipimo. Mtoto wa kilo 10 ana damu isiyofika lita moja mwilini, na kila dawa anayopewa huhesabiwa kwa uzito wake. Kwa hiyo kituo kisicho na mizani, barakoa ndogo ya oksijeni na kipimo cha sukari hakijawa tayari kwa watoto, hata kama jengo lake limepakwa rangi juzi.

Kisha kuna safari. Kutoka vijiji vya juu mlimani, barabara ya udongo ikiwa imelowa masika na gari pekee ni bodaboda, kufika hospitali za rufaa za Mawenzi au KCMC mjini Moshi usiku ni mtihani. Mpango wa usafiri wa dharura wa m-mama, unaopatikana kwa kupiga 115 bila malipo, umesaidia sana kwa kuwatumia madereva wa jamii pale ambapo gari la wagonjwa halipo, lakini umelenga wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mtoto wa miaka mitatu mwenye degedege angefaa kuingizwa humo, na sioni sababu ya kuanzisha mpango mwingine kando yake. Wakati usafiri unasubiriwa, mzazi amlaze mtoto kwa ubavu, asimtie chochote mdomoni, wala asimfukize. Aliyekunywa mafuta ya taa kutoka kwenye chupa ya soda asitapishwe, kwa kuwa mafuta yakirudi huingia mapafuni.

Zahanati inayompa rufaa ipige simu mbele kabla gari halijaondoka, na iandike uzito, dawa, kiasi na saa ilipotolewa. Fomu ikiwa imeisha, hayo yaandikwe kwa kalamu kwenye plasta na kubandikwa kwenye mkono wa mtoto.