Mzee karuhusiwa wodini, nyumbani mko tayari? Maswali na majibu

Ninaowaongelea hapa ni wagonjwa wanaotoka hospitali wakiwa bado hawajiwezi vizuri: aliyepata kiharusi, bibi aliyevunjika nyonga akafanyiwa opareshini, au yeyote aliyelala wiki nyingi mpaka miguu imelegea. Hapa Dar wengi wakitoka Muhimbili, Mloganzila, Amana, Temeke au Mwananyamala wanaenda nyumbani moja kwa moja, vituo vya uuguzi vya kukaa kwanza mpaka mtu apate nguvu familia nyingi hazivipati, kwahiyo nyumba yenu ndo inageuka wodi.

Tuanze kujipanga lini?

Tangu siku za mwanzo akiwa amelazwa, sio asubuhi ya kuruhusiwa. Kinachotokea sana ni hiki, raundi ya madaktari inapita asubuhi dokta anaandika karuhusiwa, ndugu wanaanza kuhangaika na bili, jioni mgonjwa yuko kwenye bajaji na mfuko wa dawa ambao hakuna aliyeelezwa vizuri, na mtu atakayelala naye usiku ule hajawahi hata kukanyaga wodini. Muulizeni nesi mapema: akitoka ataweza kukaa mwenyewe? kusimama? kumeza? kwenda chooni? Majibu ya hayo manne ndo yanawaambia mnunue nini na nani aombe ruhusa kazini. Kama bili imewalemea nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hukohuko, msisubiri siku ya mwisho, na mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo yupo kwenye sera ya msamaha wa matibabu.

Sisi watoto tupo wengi tunapokezana, nani afundishwe?

Yule atakayelala naye. Hili naliona kila siku na linaniuma: anayeitwa kuongea na dokta ni kaka mkubwa anayelipa, wakati atakayembadilisha nepi saa nane usiku ni mkwe au dada wa kazi ambaye hajaambiwa chochote. Mleteni huyo. Na asiishie kuelezwa, afanye kwa mikono yake nesi au mtu wa fizio (mazoezi ya viungo) akiwa anamtazama, amgeuze, amtoe kitandani amkalishe kwenye kiti, amwage mfuko wa mkojo, amlishe. Akikosea pale anarekebishwa palepale.

Kwa wa kiharusi shikeni hili, mkono uliolegea hauvutwi. Watu wanamshika kwapani wanamnyanyua kwa nguvu, bega linalegea kwenye kiungo chake na yale maumivu yanakaa miezi. Kiti kiwe upande wenye nguvu, mfungeni khanga imara kiunoni, mshikie hapo kiunoni, wewe kunja magoti, mhesabu pamoja moja mbili tatu ndo anyanyuke, na yeye ajisukume kwa ule mguu mzima.

Tumepanga chumba na sebule, choo cha nje cha kuchuchumaa, itakuwaje?

Ndo hali ya wengi Manzese, Vingunguti, Mbagala, msione aibu kuisema wodini, semeni wazi ili mpewe ushauri unaoendana na nyumba yenu. Fundi anaweza kuwatengenezea kiti cha mbao au chuma chenye tundu, ndoo inakaa chini, hakikisheni hakitikisiki na kingo hazikwaruzi. Vile vya plastiki vyepesi mtu mzito akiegemea upande mmoja vinapinduka. Aliyewekewa nyonga bandia asichuchumae, asikae kigoda wala kochi linalozama, goti lisipande juu kuliko nyonga mpaka dokta wake aseme sasa anaruhusiwa. Toeni zulia linalojikunja njiani, na tochi ikae karibu na kitanda kwa ajili ya umeme kukatika. Kama mnakaa ghorofa ya tatu bila lifti fikirieni kwanza tarehe za kliniki na fizio, wakati mwingine ni bora akae kwa ndugu wa chini kwa muda.

Vidonda vya kulala tunavizuiaje?

Mgeuzeni kila baada ya saa 2 mchana na usiku, ubavu huu, chali, ubavu ule, andikeni kwenye daftari ili wa zamu inayofuata ajue. Kila mkimuogesha kagueni juu ya makalio pale mkiani, nyonga na visigino. Vitabu vinasema tafuta wekundu, ila kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani, pitisha mgongo wa mkono wako ukisikia pana joto au pamekuwa pagumu kuliko pembeni, au pamebadilika rangi, hapo ndo kidonda kinaanza, msimlaze tena upande huo na msipasugue. Tyubu la gari la kukalia acheni, linabana damu kuzunguka lile tundu. Wekeni mto chini ya miguu visigino vielee. Na hili joto letu, plastiki tupu juu ya godoro inamlowesha jasho, tandikeni shuka la pamba juu yake.

Dawa?

Pelekeni wodini dawa zote alizokuwa anakunywa kabla, hata zile za duka la mtaani, mumuulize dokta au mfamasia ipi inaendelea na ipi inaachwa. Unakuta mgonjwa ana amlodipini, dawa ya presha, ya zamani yenye jina la kampuni moja na mpya yenye jina la kampuni nyingine, ni dawa ileile, anakunywa zote mbili, presha inashuka akisimama anadondoka. Na presha ikisoma vizuri ni kwa sababu ya dawa, msiache.

Anapaliwa akinywa chai

Baada ya kiharusi koo nalo linaweza kuwa dhaifu. Akikohoa au sauti ikawa ya majimaji baada ya kunywa semeni kabla hajaruhusiwa, apimwe kumeza, maana chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu akapata nimonia. Alishwe akiwa wima, kijiko kidogo, abaki wima nusu saa, na mkague shavu la upande uliolegea chakula kinajificha humo. Akiwa anasinzia asilishwe hata kama amesema ana njaa.

Turudi hospitali tukiona nini?

Mdomo kupinda upya, mkono au mguu kulegea ghafla, maneno kuvurugika, hapo ni saa hiyohiyo, msimpe kitu mdomoni na msisubiri kukuche. Pumzi kubana, au mguu mmoja kuvimba na kuuma, inaweza kuwa damu imeganda. Homa, usaha kwenye kidonda, mpira wa mkojo kuacha kutoa mkojo, au mtu aliyekuwa anaongea ghafla anazubaa na kulala tu, vyote ni vya kurudi.

Kama tunaona hatujawa tayari tunaweza kuomba asitoke kwanza?

Mnaweza kuuliza, na ni haki yenu kusikilizwa. Marekani, ambako wagonjwa wengi wanapitia kituo cha uuguzi kabla ya nyumbani, sheria ya nchi inakitaka kituo kiandae mpango wa kutoka pamoja na mgonjwa mwenyewe, kipitie dawa zake zote, na kikitaka kumtoa bila ridhaa yake kwa kawaida kimpe taarifa ya maandishi siku 30 kabla. Huku kwetu nendeni kwa nesi mkuu wa wodi mkiwa na sababu inayoshikika: mlezi hajafundishwa kumgeuza, mpira haujulikani unabadilishwa lini na wapi, kiti cha choo fundi anamaliza kesho. "Tunaogopa" peke yake haimpi mtu wa wodini cha kufanyia kazi, lakini mlezi hajafundishwa ni kitu nesi anaweza kukimaliza mchana huohuo, na msiondoke bila karatasi ya kuruhusiwa iliyoandikwa tarehe ya kliniki na namba ya simu ya kupiga.