Kabla hujalaumu buti, hebu nioneshe soksi zako

Kila Disemba Wabongo wakijipanga kupanda Kilimanjaro kwa ajili ya sikukuu ya Uhuru, maswali yanayokuja kwangu ni ya buti tu, nikodi au ninunue, ngumu au laini, za Moshi au za Kariakoo. Soksi haulizi mtu. Halafu jioni ya kwanza pale Mandara, kambi ya kwanza ya njia ya Marangu, mtu anavua kiatu, kisigino kishakuwa chekundu, na ndani kavaa zile soksi nyeupe za pamba za kuendea jimu.

Kazi yangu ni kuongoza watu mlimani na nawaambia ukweli, miguu mingi ninayoifunga plasta haijaharibiwa na buti, imeharibiwa na jasho lililokosa pa kwenda.

Fanya hivi, weka ncha ya kidole kwenye mgongo wa mkono mwingine, bonyeza kidogo, halafu sukuma mbele na nyuma bila kidole kuteleza. Si unaona ngozi inaenda na kidole lakini mfupa umetulia? Kisiginoni ni hivyohivyo ila kinyume chake, mfupa ndo unacheza kila hatua na ngozi imeng'ang'aniwa na soksi iliyolowa, matabaka ya ngozi yaliyo katikati yanavutwa huku na huku mpaka yanaachana, ile nafasi inajaa majimaji, hilo ndo lengelenge. Yaani linaanzia ndani, siyo juu kama wengi wanavyodhani. Na ngozi yenye unyevu inanata kwenye kitambaa kuliko ngozi kavu.

Sasa pamba inakunywa jasho na kukaa nalo. Kutoka geti la Marangu mpaka Mandara ni msitu mtupu, ukungu, manyunyu, soksi ikilowa saa nne asubuhi utalala nayo mbichi. Sikatazi pamba mjini, ila mlimani hapana.

Tafuta sufu ya merino iliyochanganywa na nailoni. Merino ni sufu laini, haiwashi kama blanketi la bweni, na hata ikiwa na unyevu bado inatunza joto, nailoni inaifanya isichakae haraka. Poliesta nayo iko poa, bei rahisi na inakauka upesi, harufu tu ndo mtavumiliana humo ndani ya kibanda. Ukienda mtumbani pale Memorial, soko la mitumba la Moshi, geuza lebo usome, kama neno la kwanza ni cotton rudisha, halafu inyooshe kwenye mwanga uangalie kisigino, kikishaonesha upande wa pili hiyo imekwisha. Pitisha na kidole kwenye mshono wa vidoleni, ukiusikia umevimba mkononi utausikia zaidi wakati wa kushuka, maana pale vidole vinasukumwa mbele ya buti masaa mengi mfululizo.

Saizi ndo watu wanapochezea. Soksi kubwa inajikunja, na mkunjo mmoja mdogo chini ya unyayo unatosha kukuharibia siku, kisigino cha soksi kikae kwenye kisigino chako basi. Na ukienda kujaribu buti nenda jioni mguu ukiwa umeshavimba kidogo, na uvae soksi zilezile utakazopandia.

Kama ngozi yako ni ya kutoka malengelenge haraka vaa mbili, ya ndani nyembamba inayobana, ya nje nene. Hapo soksi zinatelezeana zenyewe kwa zenyewe na ngozi inapumzika. Za ndani ukizikosa, zile soksi za nailoni za rangi ya mwili wanazovaa akina dada ofisini zinafanya kazi hiyohiyo, wanaume acheni aibu, ndani ya buti nani anaona.

Ila usiku wa kutoka Kibo, kambi ya mwisho, kwenda kileleni naona watu wanavaa nene mbili au hata tatu kisa baridi, na hapo wanajimaliza, buti ikibana damu haipiti vizuri na vidole vinakuwa baridi zaidi. Vaa moja nene, iliyo kavu, uliyoitunza kwenye mfuko wa nailoni tangu nyumbani haijaguswa. Za mchana usilale nazo.

Kuna na plasta ya karatasi, ile nyeupe ya famasi wanayoshikia bandeji. Mwaka 2016 Grant Lipman na wenzake wa Stanford walichapisha utafiti wa wakimbiaji wa masafa marefu, mguu mmoja uliwekewa plasta hiyo kabla ya kukimbia, na malengelenge yakapungua. Mimi naiweka kisiginoni asubuhi, mguu ukiwa mkavu, kisha soksi juu yake. Sehemu ikianza kuwaka njiani sema hapohapo tusimame, usisubiri kambi, dakika tano hazimkosti mtu.

Mkirudi, za sufu fueni kwa maji baridi, msizikamue kwa kusokota, na Jik isizikaribie.