Je, wajua kwa nini vipande 24 vya chuma vinaweza kuhesabika kama 6 tu?

Kiwanda kinataka kujua mambo mawili: ni mpako gani unaokinga chuma dhidi ya kutu vizuri zaidi, na tanuru la kuukaushia liwekwe kwenye joto gani. Kuna mipako minne na viwango vitatu vya joto, nyuzi 360, 370 na 380. Kila muungano ukijaribiwa mara mbili, vinahitajika vipande 24.

Kitabu cha takwimu kingekuambia uchanganye vipande vyote 24 kwa bahati nasibu, kisha uoke kimoja kimoja. Fundi wa tanuru hatakubali, na ana haki. Kubadilisha joto la tanuru kubwa hula muda na mafuta, na kuliwasha mara 24 kwa ajili ya vipande 24 ni hasara tupu. Kwa hiyo joto linawekwa mara moja, vipande vinne vyenye mipako tofauti vinaingizwa pamoja, vinaokwa kwa mkupuo mmoja. Mikupuo 6, kazi imekwisha.

Mfano huu ni wa George Box, mtakwimu Mwingereza aliyefundisha Wisconsin, Marekani. Mpangilio wenyewe, uitwao kwa Kiingereza split-plot (ploti iliyogawanywa), ulizaliwa shambani, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alikofanya kazi Ronald Fisher kuanzia 1919 na baadaye Frank Yates. Huko kulikuwa na mambo yasiyowezekana kufanywa kwenye kieneo kidogo, kama kulima kwa mashine, na mengine yaliyowezekana, kama kubadilisha mbegu au mbolea. Basi ploti kubwa ilipewa jambo gumu kubadilisha, kisha ikagawanywa katika ploti ndogo kwa ajili ya jambo jepesi. Kiwandani, mkupuo wa tanuru ndio ploti kubwa na kipande cha chuma ndicho ploti ndogo.

Sasa tazama namba za Box. Namba ikiwa kubwa, chuma kimestahimili kutu zaidi. Tanuru lilipowekwa nyuzi 370 mara ya kwanza, wastani wa vipande vinne ulikuwa 82. Lilipowekwa tena nyuzi 370 zile zile, wastani ukawa 138. Tofauti ya 56, na joto halikubadilishwa! Ilhali kutoka nyuzi 370 hadi 380, wastani wa jumla ulipanda kwa 26 tu. Maana yake, kila mkupuo una hali yake, na hali hiyo inavigusa vipande vyote vinne kwa pamoja. Ndani ya mkupuo mmoja, ukiondoa tofauti zinazoletwa na mipako yenyewe, vipande vinatofautiana kidogo sana: mchepuko wa kawaida (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika) ni kama 11, wakati kati ya mkupuo na mkupuo ni kama 34.

Ndiyo sababu uchambuzi unahitaji vipimo viwili vya makosa, yaani vya tofauti zinazotokea zenyewe hata pasipobadilishwa kitu. Athari ya joto inapimwa kwa tofauti kati ya mikupuo, na hapo una mikupuo 6 tu. Athari ya mpako, pamoja na namna mpako na joto vinavyoathiriana, inapimwa kwa tofauti za ndani ya mkupuo.

Kisha unatafuta uwiano wa F: tofauti zinazoonekana kuletwa na jambo fulani, zikigawanywa kwa kosa lake. Wa joto ni 2.75, na ili tuuamini kwa kiwango cha asilimia 5 (yaani bahati tupu ingeufikisha huko mara 5 tu kati ya 100) ulipaswa kuvuka 9.55. Haukufika. Wa mipako ni 11.5, dhidi ya 3.86 inayotakiwa: mpako wa nne ni bora kweli. Lakini ukijifanya vipande vyote 24 viliokwa kila kimoja peke yake, ukatumia kosa moja, joto linaruka hadi 10.2 na kuonekana na nguvu kubwa, huku mipako ikishuka hadi 1.1 na kuonekana haina tofauti yoyote. Majibu yote mawili yamegeuka kichwa chini miguu juu, kwa data ile ile. Kiwanda kingechoma mafuta zaidi kufuata joto ambalo halijathibitishwa, na kuutupa mpako mzuri.

Kwa anayepanga jaribio, jambo unalolitaka zaidi liweke kwenye ploti ndogo, maana huko ndiko usahihi uliko. Bahati nasibu ifanyike mara mbili: kwanza mpangilio wa mikupuo, kisha nafasi ya kila kipande ndani ya tanuru. Na mikupuo miwili ikifuatana kwa joto lile lile, zima tanuru, liache lipoe, uliweke upya. Usipofanya hivyo, hiyo ni mikupuo miwili kwa jina tu. Kuongeza vipande ndani ya tanuru hakutakusaidia sana kuhusu joto, ongeza mikupuo.

Katika R, programu ya takwimu, ongeza Error(mkupuo) kwenye fomula ya aov, amri ya uchambuzi huu, mkupuo ukiwa safu yenye namba 1 hadi 6, iliyotambulishwa kama fakta (yaani majina ya makundi, si namba za kuhesabia). Matokeo yatatoka katika majedwali mawili, la mikupuo na la ndani ya mikupuo. Ukiona jedwali moja tu, programu bado haijui jinsi tanuru lilivyotumika.